Kikundi cha Tano Kilivyokutana Nyuma ya Jiko

Vijana wangu wa ofisini, mmenitaka niandike habari za kazi yangu kabla sijazisahau. Mambo ya vyeo na mshahara yamo katika faili langu, na faili langu mnalo nyinyi. Lifungueni siku mkikosa usingizi. Mimi nitaandika yasiyokuwamo. Na kwa kuwa siku ile mliyoniaga nilisikia chuo kinaunda tena vikundi vya kazi vya kutengeneza mpango wa miaka ijayo, nitakaa zaidi kwenye vikundi vile vya kwanza kabisa, vya miaka ya hamsini, ambavyo mimi nilikuwa karani wake. Waliokuwamo wengi wametangulia mbele ya haki. Mihtasari ya vikao ipo kabatini, lakini niliiandika mimi, na siwashauri muiamini yote.

Nilikuja chuoni nikitokea kwetu Mwera, upande wa Pangani, nikiwa na cheti cha darasa la nane na shati moja jeupe ambalo mama alilipiga pasi mpaka kola ikasimama peke yake. Chuo chetu cha walimu kilikuwa nje kidogo ya mji wa Tanga: nyumba tatu za mawe, mabweni mawili ya bati, jiko, na uwanja wenye michongoma mingi kuliko majani. Aliyenipokea ni karani mkuu, Bwana Gulamu. Alikuwa Mhindi Mwislamu, yeye kazaliwa Ngamiani, mle mjini, na baba yake kazaliwa Ngamiani, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu, jambo ambalo hakuacha siku ipite bila kunikumbusha.

Siku ya kwanza alinikalisha mbele ya taipureta, akatoa leso mfukoni, akaitandaza juu ya mikono yangu nisione vidole.

"Andika jina lako."

Niliandika Hemedi Kombo kwa makini yote niliyokuwa nayo. Alipoitoa karatasi na kuivutia machoni, ilisomeka: Jr,rfo Lp,np. Kumbe nilikuwa nimeweka vidole hatua moja upande wa kulia.

"Huyu simjui," akasema Bwana Gulamu, akanirudishia. "Nenda kamlete Hemedi."

Hemedi alipatikana siku ya nne. Baada ya hapo nikafundishwa stensili, ile karatasi ya nta ambayo taipureta huichoma herufi, kisha huvikwa mashine ya kurudufia na kuzungushwa kwa mkono, mzunguko mmoja nakala moja. Kosa kwenye stensili hulifuti kwa kifutio; unalipaka dawa nyekundu yenye harufu kali, unangoja ikauke, ndipo upige tena juu yake. Stensili yangu ya kwanza ilikuwa nyekundu kama mtu mwenye surua. Na shati la mama lilipata wino wiki ile ile, nikalivaa vivyo hivyo mwaka mzima.

Bwana Gulamu alinifundisha na kuandika muhtasari wa kikao, na kanuni yake ilikuwa moja. "Karani haandiki waliyosema watu," aliniambia. "Anaandika waliyoamua. Waliyosema ni upepo." Hakunifundisha la kufanya pale watu wanapokaa saa tatu wakasema tu. Hilo nilijifunza mwenyewe.

Mwaka wangu wa pili ilikuja barua kutoka makao makuu ya elimu. Mkuu wa chuo, Mwingereza mrefu mwenye magoti mekundu ya kaptula, alitukusanya wote, walimu, makarani, watu wa jikoni na wa bustani, akatusomea kwa Kiswahili. Kila chuo kilitakiwa kutoa mpango wake wa miaka mitano. Wageni watatu wangekuja kuukagua. Chuo ambacho mpango wake haukuridhisha kingefungwa, wanafunzi wahamishiwe bara, na wafanyakazi watafutiwe nafasi kwingine "kadiri itakavyowezekana." Nilimtazama Bwana Gulamu. Alikuwa anafuta miwani yake, na miwani haikuwa na vumbi.

Mkuu alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka likizo kwao, na huko alisoma habari za vyuo vikuu vinavyojipangia mambo yao. Alisema mpango mzuri hauandikwi na mtu mmoja ndani ya chumba. Unaandikwa na watu wa kila daraja, wamegawanywa katika vikundi, kila kikundi kikishughulikia jambo lake. Mpaka leo naona alisema kweli. Tatizo lilikuwa ni tangazo. Alilitafsiri mwenyewe, nikalipiga taipu kama lilivyo: "Vikundi vya Kazi vitaanza Jumatatu saa mbili asubuhi. Kila mtu afike tayari."

Jumatatu saa mbili, walimu walifika na kalamu. Watu wengine wote walifika na majembe, mapanga na mafyekeo, na mlinzi mmoja alileta karai. Walikuwa wamefunga vibwebwe. Mkuu alipotoka kizingitini akaona jeshi lile, alirudi nyuma hatua mbili. Ilichukua nusu saa kueleza kwamba kazi yenyewe ilikuwa ya kukaa kitako. Watu wa bustani hawakuamini. Walifyeka uwanja wote asubuhi ile, na nikiwa mkweli, hayo ndiyo maendeleo makubwa tuliyoyaona kwa miezi miwili iliyofuata.

Vikundi vilikuwa vinne: Masomo, Majengo, Maji, na Chakula. Mkuu akaongeza cha tano, Kikundi cha Kuangalia Vikundi, ambacho wajumbe wake walikuwa wenyeviti wa vile vinne. Karani wa vyote nilikuwa mimi.

Kikundi cha Masomo sitawasumbueni nacho. Kilikaa wiki sita kikibishana kama tuseme mtaala au mwongozo, kisha kikaandika vyote viwili.

Kikundi cha Majengo kiliongozwa na Mwalimu Semboja, Mbondei wa Muheza, mwalimu wa jiografia, mtu mpana aliyekuja kikaoni na machungwa mfukoni na kuyamenya taratibu wakati wenzake wanasema. Kikundi cha Maji kilikuwa cha Mwalimu Rajabu wa hesabu, mwembamba, msafi, ambaye hakupenda harufu ya machungwa. Siku moja mimi, kwa uzembe wangu, niliwapangia chumba kimoja, saa ile ile. Hakuna aliyekubali kutoka. Semboja na watu wake wakashika upande wa mbele, Rajabu na watu wake wakashika nyuma, na kila upande ukapaza sauti ili usisikie mwingine. Mimi nilikaa katikati na madaftari mawili, moja kwenye kila goti. Tangu siku hiyo walimu wale wawili hawakusemeshana. Wakikutana njiani, Rajabu aliangalia saa na Semboja aliangalia mbingu.

Kikundi cha Chakula kiliongozwa na Mkuu mwenyewe, kwa sababu alipenda kabichi. Mjumbe wake mmoja alikuwa Bi Mwanakombo, mpishi mkuu, mama wa mtaa wa Mabawa aliyewahi kupikia harusi za nusu ya Tanga. Aliitwa kwa kanuni ya kila daraja liwakilishwe. Vikao vitatu alikaa kimya, mikono mapajani, akimtazama kila asemaye kama atazamavyo maziwa yasifurike. Kikao cha nne Mkuu alikuwa anaeleza faida za mboga mbichi, Bi Mwanakombo akanyanyua mkono.

"Bwana Mkuu, nina swali."

"Ndiyo! Vizuri sana. Tafadhali." Mkuu alifurahi mpaka akasimama.

"Nyinyi mwakutana kuamua nipike nini."

"Ndiyo."

"Mimi nipo hapa."

"Ndiyo, na tunashukuru."

"Sasa huko jikoni yuko nani?"

Kabla hajajibiwa, tukasikia harufu. Siku ile wanafunzi themanini walikula maharage meusi ambayo hayakuzaliwa meusi. Kwenye muhtasari niliandika: "Ilikubaliwa kwamba vikao vifanyike baada ya chakula."

Basi mambo yakaenda hivyo, hadi zikabaki siku kumi wageni waje. Vikundi vilikuwa vimemaliza, nami nikaanza kupiga stensili za mpango mzima. Asubuhi moja Bwana Gulamu aliniita mezani kwake, ameshika ukurasa wangu kwa ncha za vidole.

"Hemedi, soma hapa. Kwa sauti."

Nilisoma: "Ilikubaliwa kwamba vyoo vipya vichimbwe nyuma ya jiko, kina cha futi thelathini, na maji yake yachemshwe kabla ya kupewa wanafunzi."

"Wewe utayanywa?"

"La, Bwana."

"Basi hili ni kosa lako, au ndivyo walivyoamua?"

Nikasema ni kosa langu. Ni siku ile ya chumba kimoja, madaftari yalichanganyika. Akanirudisha nikatenganishe. Nikachukua daftari la Majengo: vyoo vipya, nyuma ya jiko, hatua ishirini kutoka ukutani, upande wa mashariki, kwa kuwa ni karibu na mabweni. Nikachukua daftari la Maji: kisima kipya, nyuma ya jiko, hatua ishirini kutoka ukutani, upande wa mashariki, kwa kuwa ni karibu na masufuria. Nilisoma mara tatu. Kisha nikafungua na la Chakula. Bustani ya kabichi, nyuma ya jiko, hatua ishirini, mashariki, kwa kuwa udongo wa pale una unyevu.

Nilirudi kwa Bwana Gulamu na madaftari yote matatu.

"Bwana, kosa si langu peke yangu."

Alisoma. Alivua miwani akaiweka mezani. "Karani hana maoni," akasema, kama nilivyojua atasema. Halafu akasema, "Lakini ana macho. Nenda kaulize. Usiwaambie wamekosea. Uliza tu."

Nilikwenda kwanza kwa Mwalimu Rajabu, nikamwamkia, nikamuuliza kama anajua vyoo vitakaa wapi.

"Kisima hakihami," akanijibu bila kuinua uso kwenye madaftari ya wanafunzi. "Maji yako pale Mungu alipoyaweka. Choo ndicho chaweza kwenda popote. Mwambie huyo bwana wa machungwa."

Nikaenda kwa Mwalimu Semboja.

"Mwambie Rajabu," akasema, akinipa pande la chungwa, "maji hutembea chini ya ardhi. Nimefundisha jambo hilo miaka kumi na mbili. Akichimba mbele ya posta yatamfuata huko huko. Vyoo vyangu vimepimwa. Havitoki."

Nikaenda kwa Mkuu. Yeye alinisikiliza kwa upole, akanigonga begani. "Hemedi, umefanya vizuri kuona. Lakini utaratibu upo. Mambo kama haya ni ya kikundi cha tano."

Kikundi cha tano kilikuwa hakijakutana hata siku moja. Kila kilipoitishwa, mwenyekiti mmoja alikuwa na kikao cha kikundi chake, na sasa wenyeviti wawili walikuwa hawakai chumba kimoja. Nilimkumbusha Mkuu hayo. Akasema basi wakiitwa tena watakuja, akarudi kwenye kitabu chake cha kabichi.

Nataka mnielewe hali niliyokuwa nayo. Mpango ule ungekwenda mbele ya wageni watatu, nao wangesoma ukurasa wa nne kisima na ukurasa wa saba choo, shimo moja. Chuo kingefungwa. Bwana Gulamu alibakiza miaka michache astaafu, nani angemchukua? Mimi ningerudi Mwera na shati lenye wino. Na ningekuwa najua kwamba niliona, nikauliza, nikajibiwa vizuri na kila mtu.

Nikaenda jikoni, kwa sababu mahali penyewe palikuwa nyuma yake.

"Shikamoo, Bi Mwanakombo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso kama umekosa futari?"

Nilimfungulia ramani niliyoichora. Aliitazama kwa heshima, akaigeuza juu chini, akanirudishia. Msahafu aliusoma kutoka kulia bila kukwama, lakini herufi zetu za ofisini hakuwa nazo habari.

"Mie karatasi hii siisomi. Nionyeshe kwa miguu."

Tukatoka nje. Nikahesabu hatua ishirini kutoka ukutani, nikasimama. "Hapa ndipo vyoo vya Mwalimu Semboja."

"Haya. Na kisima?"

"Kisima cha Mwalimu Rajabu ni hapa."

Alingoja. "Hapa wapi? Mbona hujasogea?"

"Ndiyo hapa hapa, bibi."

Akanitazama, akatazama chini ya miguu yangu. "Na kabichi za Bwana Mkuu?"

Sikusogea.

Bi Mwanakombo alicheka mpaka kilemba cha kanga kikamteleza. Kisha akaacha kucheka ghafla, maana na yeye alikuwa na kazi ya kupoteza. "Waambie waje," akasema.

"Hawaji, bibi. Wawili hawasemezani na wa tatu ana utaratibu."

"Waje kula pilau. Sijaona mwanamume wa Tanga akakosana na mwenziwe kwenye pilau."

Basi nikafanya kosa ambalo nawakatazeni nyinyi msilifanye, nami sijutii. Nilipiga tangazo: "Kikundi cha Kuangalia Vikundi kitakutana Alhamisi saa tano, nyuma ya jiko. Wenyeviti wote wahudhurie. Pilau itakuwapo. Kwa amri." Chini ya amri sikuweka jina la mtu, kwa kuwa mwenye jina hakuwapo. Nikaliacha juu ya meza nikaenda kuchukua gundi. Niliporudi nilikuta mtu ameongeza alama ya mkato, kwa wino wa kijani, baada ya neno Alhamisi. Ofisi nzima mwenye wino wa kijani alikuwa Bwana Gulamu. Hakusema kitu, nami sikuuliza. Nikalibandika.

Alhamisi walikuja wote ila mmoja. Semboja alifika wa kwanza, akaketi penye kivuli cha ukuta. Rajabu alikuja akaangalia saa. Mkuu alikuja na kitabu chake, ameshafurahi, akidhani kwamba wenyeviti wameitana wenyewe. Mwenyekiti wa Masomo alikuwa na homa, akaleta salamu. Bwana Gulamu alitoka ofisini, jambo ambalo hakulifanya ila kwa sala na moto, akasimama pembeni na kofia yake mkononi.

Pilau ilikuwa imefunikwa. Harufu yake ilikuwa imefika mpaka mabwenini. Bi Mwanakombo akasimama mbele ya sufuria na mwiko.

"Mabwana, karibuni. Kabla hamjanawa, mie ni mtu nisiyejua kusoma, na hapa ni kwangu. Nataka kila mmoja asimame penye kitu chake, nijue wapi nipite na wapi nisipite. Ni hilo tu."

"Wazo zuri sana," akasema Mkuu.

Mwalimu Semboja alihesabu hatua ishirini akasimama, tumbo mbele, kama mtu anayepigwa picha. Mwalimu Rajabu naye akaanza kuhesabu kutoka ukutani. Alipofika ya kumi na tisa aligundua kwamba mbele yake yuko Semboja. Hakuacha, mtu wa hesabu haachi hesabu njiani. Akatia hatua ya ishirini, na kiatu chake kikawa juu ya kiatu cha mwenzake. Nyuma yao akaja Mkuu, akisoma vipimo kitabuni, akihesabu kwa Kiingereza, hadi kifua chake kikamgonga Rajabu mgongoni.

Wakasimama hivyo, watatu, juani, kwenye mahali pasipozidi ukubwa wa mkeka wa kuswalia. Wanafunzi walikuwa wamejaa madirishani. Bi Mwanakombo alichota kata ya maji kwenye mtungi, akaenda nayo mpaka walipo, akamkabidhi Mkuu kwa mikono miwili.

"Hiki ndicho kisima chetu, Bwana. Mwenye choo yuko hapo mbele. Kunywa."

Mkuu alishika kata, akamtazama Rajabu, akamtazama Semboja. Alikuwa mtu mwenye akili, ilimfikia. Uso wake ukawa na rangi ya magoti yake.

"Nani," akasema polepole, "aliyeitisha mkutano huu?"

Miguu yangu ilitaka kwenda Mwera bila mimi. Nilifungua kinywa, lakini sauti iliyotoka haikuwa yangu.

"Umeitishwa na kikundi cha tano, Bwana Mkuu," alisema Bwana Gulamu.

"Kikundi cha tano hakijawahi kukutana."

"Ndiyo, Bwana. Huu ndio mkutano wake wa kwanza."

"Tangazo linasema kwa amri. Amri ya nani? Katibu wake ni nani?"

"Mimi, Bwana," alisema mzee yule, ambaye kwa miaka yote aliyokaa ofisini hakuwahi kuandika hata tarehe ya uongo. "Na kama nimevuka mpaka, niandikwe mimi."

Mara nikamsikia Mwalimu Semboja, ambaye tumbo lake lilikuwa bado limebanwa, akisema kwa sauti ndogo, "Rajabu, unanikanyaga."

"Najua," akasema Rajabu. Lilikuwa neno lake la kwanza kwa Semboja baada ya wiki saba.

Mkuu ndiye aliyeanza. Alicheka kwanza puani, kisha maji yakamwagika kwenye kata, kisha wote watatu wakashikana wasianguke. Alipopata pumzi akajifuta macho kwa mkono wa shati. "Vizuri. Mkutano umefunguliwa. Hoja ya kwanza: tusogee."

Niliandika: "Ilikubaliwa kwamba tusogee." Ni muhtasari mfupi kuliko yote niliyopata kuandika, na ndio pekee ninaouapia.

Wakasogea. Bi Mwanakombo akawaonyesha kule juu, upande wa barabara, ambako majani hubaki mabichi hata kiangazi kikali. Kisima kikaenda huko. Vyoo vikaenda chini ya mteremko, mbali na kila kitu. Kabichi zikabaki nyuma ya jiko, maana Mkuu alikuwa amepoteza vya kutosha siku ile. Walimu wawili walikula sinia moja. Wiki iliyofuata waligombana tena, kuhusu magoli ya uwanja wa mpira, lakini sasa waligombana kwa kusemezana.

Jioni ile nilimfuata Bwana Gulamu ofisini kumshukuru. Alikuwa anafunika taipureta. "Usinishukuru," akasema. "Tangazo lako lilikosa mkato. Hilo ndilo lililoniudhi." Akatoka. Lakini mlangoni aligeuka akasema, "Hemedi, umefanya kazi ya karani," na mimi sikulala vizuri kwa furaha.

Wageni walikuja, watatu, wenye kofia ngumu. Walisoma mpango wote, ukurasa wa nne na wa saba pia. Mkubwa wao aliuliza ni kikundi gani kilichooanisha vikundi vyote, maana katika vyuo vingine walivyopitia, kisima na choo vilikuwa vinapigana. Mkuu akamwita Bi Mwanakombo. Mgeni akamuuliza, kupitia kwangu, kikundi cha tano hufanyaje kazi yake.

"Twatoka nje," akasema Bi Mwanakombo.

Mgeni alingoja neno la pili. Halikuja. Akaandika.

Chuo hakikufungwa. Kisima kilichimbwa, kikatoa maji yenye chumvi kidogo, kama maji mengi ya pwani yetu. Bi Mwanakombo akasema yamempunguzia kazi kwenye maharage. Na miezi kadhaa baadaye ukaja waraka kutoka makao makuu kwenda vyuo vyote, kurasa mbili zilizopigwa chapa. Nikaenda nao jikoni, nikamsomea Bi Mwanakombo. Ulisema kwamba kila chuo sasa kiunde kikundi cha tano kwa mfano wa chuo cha Tanga, kikutane kila mwezi, na kwa ajili ya kazi hiyo kipewe chumba chake maalumu chenye mlango wa kufungika, meza moja, na viti visivyopungua vinane.

"Chumba?" akauliza Bi Mwanakombo. "Ndani?"

"Ndani, bibi. Na mlango ufungwe."

Aliketi juu ya gunia la mchele akacheka kimya kimya, mabega yakimtikisika, mpaka akanipa mwiko nimkorogee. Viti vililetwa kwa lori baada ya wiki tatu, vinane kamili, vya mninga, vizuri kweli kweli. Mwezi ule kikundi cha tano kilipokutana, kila mjumbe alibeba chake, tukatoka navyo nje.